Kumbukumbu za Vikao Viwili

Katika miezi ya kampeni za mwaka 2022, jambo ambalo wazazi wetu walilitaja kwa kunong'ona lilihamia ghafla kwenye meza za chakula cha mchana za ofisi za Nairobi. Profesa George Wajackoyah alikuwa akizunguka nchini na chama chake cha Roots, akiahidi kwamba taifa lingelipa madeni yake kwa kuuza bangi, sumu ya nyoka na korodani za fisi ng'ambo, na watu wazima waliovaa tai wakaanza kukiri. Mhasibu wetu, mzee wa kanisa ambaye hata soda huinywa kwa kijiko cha tahadhari, alisema kwamba aliwahi kuonja bangi akiwa chuoni. Mama wa masjala akasema kwamba yeye alionja mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuelewa. Wakati huo wote mimi nilikuwa nikichambua mifupa ya samaki wangu kwa makini kuliko samaki mwenyewe alivyostahili. Agosti 9 ilipofika, profesa alipata kura 61,969 nchi nzima, na ninashuku kwamba watu waliowahi kukohoa juu ya msokoto kati ya Makadara na Dandora pekee ni wengi kuliko hao.

Nilinyamaza mezani pale kwa sababu wenzangu walikuwa wakisimulia mambo wanayoyakumbuka, ilhali mimi ninazo kumbukumbu kwa maana nyingine ya neno hilo, yaani zile zinazosomwa na kuthibitishwa mwanzoni mwa kikao. Zimo katika daftari la Kasuku ambalo limekaa chini ya vyeti vyangu vya shule tangu mwaka 1998, na mwandiko ni wangu.

Sharti nieleze hali ilivyokuwa. Tulikuwa vijana wanne wa mtaa wa Jericho, tumemaliza mtihani wa KCSE Novemba 1997, tunasubiri matokeo, na baada ya matokeo tungesubiri tena mwaka mzima na zaidi kabla ya vyuo vikuu kutuita. Uchaguzi mkuu wa Desemba 29 ulikuwa umepita. Mvua za El Niño zilizoanza Oktoba zilikuwa bado zinanyesha mwezi wa Januari kana kwamba mwenye mfereji amesafiri na kuuacha wazi, kwa hiyo hata mpira uwanjani haukuchezeka. Hatukuwa wanafunzi wala hatukuwa wafanyakazi. Tulikuwa watu wa kutumwa dukani. Hapo ndipo mmoja wetu aliposema kwamba kabla ya kuitwa chuoni yafaa mtu awe ameijua bangi, asije akaonekana mshamba mbele ya watu kutoka shule kubwa kubwa.

Kwa kuwa tulikulia katika nyumba ambazo kila Jumapili ya mwisho wa mwezi viti huazimwa kwa majirani kwa ajili ya chama cha akina mama, hatukujua njia nyingine ya kufanya jambo kwa pamoja. Tuliunda chama. Mwenyekiti alichaguliwa kwa kuwa alituzidi umri kwa miezi minne. Mhazini alipata cheo kwa sababu mama yake alikuwa akiuza mitumba Gikomba tangu alfajiri hadi jioni na nyumba yao ilibaki tupu. Mimi nilifanywa Katibu kwa ajili ya mwandiko. Wa nne alibaki Mjumbe tu, lakini ndiye aliyekuwa mtaalamu, maana alituambia kwamba katika shule yake ya bweni alikuwa ameizoea bangi kama uji. Mchango ulikuwa shilingi tano kwa kila mwanachama. Katika kikao cha maandalizi Mwenyekiti alituarifu, kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia, kwamba sheria ya mihadarati iliyopitishwa mwaka 1994 ilikuwa imeweka kifungo cha miaka 10 kwa anayepatikana na bangi ya kujivutia mwenyewe. Nilipiga hesabu na kuiandika: wanachama wanne, miaka 40, kwa mali ya shilingi ishirini. Iko kwenye ukurasa wa pili, imepigiwa mstari.

Muuzaji alikuwa fundi wa viatu, na bidhaa ilikaa kwenye kasha lake chini ya soli na makopo ya rangi. Alitupa misokoto miwili iliyofungwa kwa karatasi ya khaki, ile ya kufungia sukari, akatuapia kwamba ni ya Mlima Kenya, iliyokua karibu na mawingu. Tulidhani anatupamba kama wauzaji wote. Mwaka uliofuata, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipoukagua msitu wa Mlima Kenya kwa ndege, mashamba ya bangi yalionekana humo waziwazi, nami nikamwomba fundi yule radhi moyoni.

Kikao cha kwanza kilifanyika Jumanne, Januari 13, 1998. Nanukuu daftari bila kuongeza neno:

«Saa 9:05. Mjumbe amewasha. Mjumbe amekohoa. Saa 9:07. Mwenyekiti amekohoa. Mwenyekiti anasema hakukohoa. Saa 9:20. Hakuna mabadiliko. Saa 9:34. Mjumbe anasema ukuta unapumua. Ukuta umekaguliwa na wanachama wote.»

Ukuta haukuwa ukipumua. Ulikuwa ukuta wa nyumba ya Baraza la Jiji, wenye kalenda ya benki na doa la maji ya mvua. Hata hivyo Mwenyekiti aliutazama kwa muda, akatikisa kichwa polepole, akasema kwamba naye anaona. Mhazini akaona vilevile. Mimi, nisitake kubaki nyuma, niliandika kwamba miguu yangu imekuwa mirefu, jambo ambalo halikuwa kweli wakati huo na halijawa kweli hadi leo. Basi tukakaa pale, vijana wanne wenye akili timamu kabisa, kila mmoja akiigiza ulevi aliouona kwa mwenzake, ambaye naye alikuwa akiigiza. Mjumbe aliyumbayumba akielekea mlangoni. Mhazini aliongea kwa sauti nzito. Nimehudhuria michezo mingi ya kuigiza katika Ukumbi wa Taifa, lakini sijaona tena waigizaji waliojitoa kiasi kile bila hadhira.

Mwenyekiti baadaye alisomea ufamasia, na ndiye aliyenieleza miaka mingi baada ya hapo ni kwa nini hatukupata kitu. Tulikuwa tukiuweka moshi mashavuni kama watu wanaosukutua na kuutema. Ile kemikali inayofanya kazi, inayoitwa THC, na ambayo wanasayansi wa Israeli waliitenga mwaka 1964, haina haja na mashavu. Hupitia mapafuni, ikaingia kwenye damu na kufika ubongoni kwa dakika chache. Huko hukuta milango ambayo tayari imo, kwa kuwa mwili wenyewe hutengeneza kitu chake kinachofanana nayo. Kitu hicho kilipogunduliwa mwaka 1992 kilipewa jina la anandamide, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Neno letu bangi nalo chimbuko lake ni hukohuko Bara Hindi, likavuka bahari hadi kwetu. Mwenyekiti hupenda sana habari hiyo, na huisimulia kwenye arusi.

Tulipomrudia fundi kulalamika, alituuliza tuliivuta vipi, nasi tukamwonyesha. Akacheka hadi akaangusha nyundo. «Nyinyi mnapuliza,» alisema. «Hii si filimbi. Vuta kama mtu anayetaka kusema neno baya, halafu akaona mama yake amesimama mlangoni.» Sijawahi kusikia maelekezo ya kitaalamu yaliyo wazi zaidi ya hayo.

Kikao cha pili kilikuwa Ijumaa, Januari 23. Tulivuta kama tulivyofundishwa. Mjumbe, aliyeizoea bangi kama uji, ndiye aliyekuwa wa kwanza kushangaa, akatamka kwa hofu, «Kumbe ni kweli!» na hivyo tukajua palepale kwamba hakuwahi kuigusa maishani mwake. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa wakati huo sote tulikuwa tukitazama mikono yetu.

Nilitumwa maji. Mfereji ulikuwa uani, hatua kumi kutoka mlangoni, nami nilishika sufuria nikaondoka. Nakumbuka kwamba nilipofika katikati ya ua niliwaza kurudi kwa kuwa safari ilikuwa ndefu mno, kisha nikaona ni aibu kurudi mikono mitupu baada ya kutoka mbali kiasi kile. Niliyasikiliza maji yakiingia kwenye sufuria, na sauti yake ilibadilika kadiri sufuria ilivyojaa, ikipanda polepole kama mtu anayeuliza swali, na nikasikitika kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nimechota maji bila kumjibu. Niliporudi nilitaka kuwauliza wenzangu kama matokeo ya KCSE yameshatoka. Daftari linaonyesha: «Saa 9:48, Katibu ametoka. Saa 9:50, Katibu amerudi.» Mwandiko wa mistari hiyo ni wa Mhazini, aliyekaimu nafasi yangu.

Ndipo Mwenyekiti, ambaye hata katika hali ile hakutaka utaratibu uvunjwe, alipotangaza kwamba sasa tunaingia katika mengineyo. Sijui niwaelezeje wasomaji ambao hawakuwapo. Mengineyo! Nani aliyelitunga neno hilo? Lina kichwa na mkia, na kila ukilirudia linaongezeka. Mhazini alililia chini ya meza. Mjumbe alilitamka kinyumenyume. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, tukanyamaza, mmoja akanong'ona «mengineyo», tukaanza upya. Nimekuwa katibu wa vikao halisi kwa zaidi ya miaka 15 sasa, na kila tunapofika kwenye ajenda hiyo huinama nikajifanya natafuta kalamu.

Baada ya kicheko ilikuja njaa. Mezani palikuwa na mkate mzima ambao mama yake Mhazini alikuwa ameununua asubuhi kwa ajili ya chai ya jioni, na kopo la Blue Band. Habari za mkate huo nitazirudia.

Kwa kuwa Gikomba iko kando ya Mto Nairobi, na mvua siku hiyo ilikuwa imegeuza njia za soko kuwa matope yasiyopitika, Mama alifunga kazi mapema. Tulisikia gunia likitua kizingitini. Kwa bahati tulikuwa tumekwisha kuvuta muda mrefu kidogo, na kulingana na mpango ulioandikwa ukurasa wa nne tulikuwa tumechoma maganda ya machungwa na kuwasha dawa ya mbu, vidude viwili kwa pamoja, hata chumba kikawa kama kanisa lililovamiwa na wakulima. Mama alisimama mlangoni akivua kitambaa kilicholoa.

«Mnachoma nini humu?»

«Dawa ya mbu, Mama,» alisema Mhazini.

«Saa kumi mchana?»

«Mvua imeleta mbu wengi, Mama. Hata redio imesema malaria imeenea.»

Hapo tungeweza kupona. Redio ilikuwa imesema hivyo kweli. Lakini Mjumbe, aliyeona kwamba heshima zaidi inahitajika ili kuimarisha ushahidi, aliinuka, akainamisha kichwa, akasema, «Shikamoo, Mama.»

Msomaji wa Mombasa au wa Dar es Salaam huenda asione kosa. Lakini Jericho, mwaka 1998, mtoto wa jirani hakuwa akimwambia mtu shikamoo. Salamu hiyo tuliijua kutoka vitabu vya darasani, na mama huyo alikuwa amemwona Mjumbe tangu akitambaa, akisalimiwa «Habari, Mama» kila siku ya Mungu. Alimtazama juu hadi chini.

«Marahaba,» alijibu. «Umehamia Mombasa lini?»

Macho yetu yalikuwa mekundu kama ya watu waliokata vitunguu vya harusi, kwa kuwa bangi hutanua mishipa midogo ya damu machoni, na vinywa vilikuwa vimekauka hata ulimi ukigeuka unasikika. Hakuuliza tena. Alilivuta gunia hadi katikati ya chumba, akalifungua, akamwaga mkekani soksi. Zilikuwa soksi za fagia, yaani yale mabaki baada ya wateja wa kamera (mitumba ya daraja la kwanza) kuchagua zilizo bora, mamia ya soksi zisizo na wenzao, nyingine zimelowa. «Kwa kuwa hamna kazi,» alisema, «nitafutieni jozi.» Kisha akaenda jikoni.

Sijawahi kufanya kazi kwa moyo kama ule. Tulikaa mkekani tukazipanga kana kwamba tumepewa mayatima kuwatafutia jamaa zao. Mwenyekiti alishikilia kwamba rangi ni udanganyifu na kwamba soksi zilinganishwe kwa tabia. Mjumbe aliishika moja ya bluu kwa muda mrefu, kisha akasema kwa huzuni ya kweli, «Mwenzake alifariki.» Mimi nilipata ya sufu, ya kijivu, iliyotoboka kisiginoni na kushonwa kwa mkono kwa uzi wa kahawia, mishono sita, minne iliyonyooka na miwili iliyokwenda upande kama aliyeshona alikuwa amechoka au taa ilikuwa hafifu. Niliwaza juu ya mtu huyo. Mahali fulani kwenye baridi kulikuwa na mtu aliyeona kwamba soksi ile bado inafaa, akaishona, halafu bado ikasafiri hadi Jericho. Nilimwonyesha Mhazini. Akaitazama, machozi yakamlenga, akasema, «Mengineyo,» tukaanguka tena.

Tulimaliza gizani. Mama alizihesabu jozi, akatushukuru kwa adabu iliyozidi, akatupa chai ya rangi, kavu. Jumatatu mteja alimrudishia jozi yenye soksi moja ya mtu mzima na nyingine ya mtoto mchanga, akafungua nyingine akakuta yaleyale, na jioni hiyo Mhazini alifungiwa ndani na gunia zima hadi alipolipanga upya, akiwa na akili zake zote, jambo ambalo anasema lilikuwa adhabu kubwa kuliko miaka 10 ya sheria.

Vikao vilivyofuata havikuandikwa. Ninachokumbuka ni fainali ya Kombe la Dunia, Julai 12, 1998, Ufaransa ikiilaza Brazil mabao matatu kwa bila. Tulikuwa tumepita kwa fundi kabla ya mechi. Zidane alifunga mawili ya kwanza kwa kichwa, yote kutokana na kona, na mimi lile la pili nililidhania kuwa marudio ya la kwanza, nikabishana na sebule nzima wakati wote wa mapumziko kwamba matokeo ni moja bila. Mara ya mwisho, nikiwa tayari chuoni, haikuwa na kichekesho: moyo ulinienda mbio, nikajishawishi kwamba nimesahau kupumua, nikakaa kwenye ngazi za bweni kwa saa nzima nikihesabu pumzi moja moja. Niliona kwamba kuna watu bangi huwafaa kucheka na kuna watu huwatisha, na kwamba mimi nilikuwa nimehama kundi. Tena mtaani kwetu alikuwapo kaka wa mtu ambaye akili yake ilichafuka akiwa bado kijana, na bangi ilimzidishia, kwa hiyo simwambii mwanangu hadithi hii kama ninavyoisimulia hapa. Huyo namsimulia ya soksi tu.

Chama hakijavunjwa. Kina kundi la WhatsApp lenye wanachama wanne na ajenda moja, nayo ni ule mkate. Jioni ile Mama alipotaka kunywa chai alikuta karatasi tupu, na sote wanne tulikana. Mhazini ndiye aliyeulipia kwa kunyimwa kiamsha kinywa juma zima, na kwa miaka 27 amemshuku Mjumbe. Mjumbe humshuku Mwenyekiti. Mwenyekiti, kwa elimu yake, husema kwamba katika hali ile kumbukumbu za muda mfupi hazihifadhiwi vizuri, na kwamba huenda kila mmoja alikula bila kujua. Mwezi uliopita Mhazini aliuliza kama lile daftari bado lipo, ili tulisome Desemba tutakapokutana kwake. Nilimjibu kwamba nasikitika, mchwa wamelimaliza.

Liko hapa mbele yangu. Ukurasa wa saba, herufi kubwa zinazopanda kuelekea pembeni:

«Saa 10:12. Wanachama wengine wako chini ya meza. Katibu amependekeza kwamba mkate uendelee kuliwa. Hakuna aliyepinga. Pendekezo limepita.»